Kristali yenyewe hainusi kitu

Waliowahi kufungua tivii za chogo wanakajua kale kadude kapana ka miguu mitano kanakokaa jirani na tyuna, kakifa tu picha inajaa chenga na sauti inakwaruza hata mtu apande juu ya bati azungushe antena mpaka jioni. Kwenye mchoro wa saketi kameandikwa SAW, kifupi cha Kiingereza cha wimbi la sauti la usoni. Mafundi wengi tunakatoa, tunapachika kengine, tivii inawaka, mteja analipa, na hakuna anayejiuliza ndani kulikuwa na nini. Ndani kuna kipande cha kristali, na juu ya hiyo kristali linatembea wimbi la sauti. Sio redio, ni sauti kabisa, ila ya juu mno kwa sikio lolote, na haitembei hewani, inatembea kwenye uso wa kristali, pale juu kabisa.

Ndugu yake mdogo yumo kwenye rimoti ya geti na kwenye funguo nyingi za magari, kakopo ka bati ka miguu mitatu, na simu unayosomea hapa ina filta kadhaa za ukoo huohuo. Sasa kilichonikalisha niandike ni kwamba kakopo hako hako ukikafungua kifuniko ukakapaka kitu kinachofaa kanageuka kuwa mzani wa kupima gesi, mzani mkali ajabu, na mimi naamini sisi watu wa Mwanza tunakahitaji zaidi ya tunavyodhani. Lakini pia naamini watu wengi wanaozisifia hizi sensa wanasifia kitu kisicho chenyewe. Ntaeleza.

Tuanze na wimbi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba kristali kama kwatzi ukiiminya inatoa umeme, na muda mfupi baadaye ikathibitika kinyume chake pia ni kweli, ukiipa umeme inajinyoosha na kujikunja. Mwaka 1885 Lord Rayleigh wa Uingereza akapiga hesabu akaonyesha kitu kigumu kinaweza kubeba wimbi kwenye uso wake tu bila kuzama ndani, na mawimbi ya jamii hiyo ni kati ya yale yanayotikisa ardhi wakati wa tetemeko. Mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali miaka themanini, mpaka 1965 White na Voltmer kule California walipochora juu ya kristali meno membamba ya chuma, ya upande huu yakiingia katikati ya yale ya upande ule bila kugusana. Ukipitisha umeme unaogeukageuka, uso wa kristali chini ya meno unavutwa na kusukumwa, wimbi linazaliwa na kuondoka zake, mbele linakutana na seti nyingine ya meno inayolipokea na kuligeuza tena kuwa umeme. Ni hicho tu. Hakuna gia, hakuna kinachozunguka, hakuna cha kupaka grisi.

Kwenye kwatzi ya mkato unaotumika sana (mkato ni pembe ambayo kristali imekatiwa) wimbi hilo linaenda kama mita 3,158 kwa sekunde, mara tisa ya sauti ya hewani, lakini mbele ya wimbi la redio ni taratibu karibu mara laki moja (hii namba ishike, tutairudia). Rimoti nyingi ziko megahezi 433.92, ukigawanya unapata urefu wa wimbi moja ni mikromita 7 na kidogo, na jino moja la alumini ni robo ya hapo, hata mikromita 2 halifiki. Nguvu ya wimbi karibu yote imekaa ndani ya kina cha urefu wa wimbi moja. Yaani mikromita saba za juu ndio dunia yake yote, chini ya hapo kristali imetulia kama hakuna kinachoendelea.

Na kwa kuwa limekaa juu juu hivyo, chochote kinachotua pale lazima likihisi. Mtu wa ziwani hii haimsumbui, wimbi linalotoka kilindini likiingia kwenye gugumaji linalegea, linafika ufukweni limechoka, na ukikaa nchi kavu ukayaangalia tu mawimbi yanayokufikia unaweza kukisia gugumaji limejaa kiasi gani huko mbele bila kupanda mtumbwi. Gesi ikitua juu ya kristali wimbi linapata mzigo, linapunguza mwendo kidogo sana, na mwendo ukipungua frikwensi ya saketi nayo inashuka. Uzuri ni kwamba frikwensi ni kitu ambacho elektroniki inakipima vizuri kuliko karibu kitu kingine chochote.

Ukali wake nao sio wa mchezo. Kwa kanuni yake, rezoneta ya kwatzi ya megahezi 433, yaani kale kakopo ka rimoti, ukiitandazia nanogramu moja kwenye kila sentimita ya mraba, frikwensi inashuka hezi mia mbili na ushee. Nanogramu ni gramu moja ugawe kwa bilioni. Kuna mizani ya kwatzi ya zamani zaidi, ile ambayo kristali nzima inatikisika, Sauerbrey wa Ujerumani aliiandikia kanuni mwaka 1959, hiyo ikiwa ya megahezi 10 mzigo huohuo unaishusha karibu robo ya hezi tu. Tofauti ya mara elfu inatokana na frikwensi kuingia kwenye kanuni ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, ukiipandisha mara mbili jibu linapanda mara nne. Mtu atauliza si wapandishe tu basi mpaka gigahezi huko? Wanapandisha, ila wimbi likiwa fupi na utando wa juu (ule upako unaomeza gesi) inabidi uwe mwembamba zaidi la sivyo wimbi linafia njiani, na utando mwembamba unameza gesi kidogo, alafu kelele za saketi nazo zinapanda, kwa hiyo sehemu kubwa ya faida inarudi ilikotoka.

Utando. Hapo sasa ndipo nilipotaka kufika.

Kwatzi tupu haina habari na gesi. Molekuli zinaigonga zinaondoka, kama zinakaa ni sekunde isiyo na maana. Mwaka 1979 Wohltjen na Dessy kule Marekani walitoa kazi iliyoonyesha kwamba ukiipaka kristali tabaka jembamba la polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki na mpira, ule utando unameza mvuke wa kemikali kutoka hewani, unakuwa mzito na mlaini zaidi, na wimbi linalopita chini yake linatoa taarifa. Kwa hiyo mwenye pua ni utando. Kristali ni mpima uzito tu, haijui kama ulichopanda nacho juu ni petroli, maji, au moshi wa mkaa, yenyewe inasema "kuna mzigo" basi. Mtu akikuonyesha sensa ya aina hii akakutajia megahezi na nanogramu, muulize kwanza kapaka nini.

Maana kila utando una tabia yake. Polima ya jamii ya mpira inayoitwa poliaisobutilini inapenda mivuke ya mafuta, petroli, tina, vitu hivyo. Polima zenye vichwa vyenye asidi zinakamata amonia na jamaa zake. Paladiamu inanyonya haidrojeni mpaka inavimba. Kuna polima zenye florini zilizotengenezwa makusudi kushika sumu za vita zinazoshambulia neva, na jeshi la Marekani lilikuwa mstari wa mbele kwenye utafiti huu kwa sababu hiyo. Na utando ukiwa laini kama mpira gesi inaingia na kutoka haraka, ukiwa mgumu kama kioo inaingia kwa kusuasua na kutoka kwa kusuasua, sensa ya namna hiyo ukiipeleka kwenye hewa safi bado inalalamikia gesi ya zamani.

Nilichukua rezoneta moja ya rimoti ya geti nikaisaga kifuniko kwa tupa pole pole mpaka bati likaachia. Ndani kristali ina milimita chache tu, imegandishwa katikati, na nyaya mbili nyembamba sana zinashuka kwenye miguu. Ukiigeuza kwenye mwanga wa tochi inatoa rangi, kijani inaingia zambarau inaingia bluu, ni ile mistari ya alumini iliyopangwa karibu karibu inapasua mwanga. Nikairudisha kwenye rimoti hivyo hivyo ikiwa uchi, nikabonyeza, geti likafunguka. Basi nikachomeka kwenye laptop kale ka-USB ka kupokelea tivii ambako watu wanakatumia kama redio ya masafa yote, nikabonyeza tena, nikauona mstari wa rimoti umesimama kwenye skrini, umetulia kabisa. Nikaisogelea kristali nikaipulizia pumzi, ile pumzi ya mdomo wazi ya kufutia miwani. Mstari ukasogea kushoto, alafu ukakatika kabisa. Nikaendelea kubonyeza, kimya. Ukungu ulipokauka ukatokea tena, kwanza hafifu, ukatambaa kurudi mahali pake.

Nimeangalia vitu vingi kwenye skrini ila hicho kilinigusa, kwa sababu niliona wimbi linabebeshwa mzigo kwa macho yangu. Kukatika kunaeleweka, wimbi hili linapanda na kushuka, likikuta maji juu yake linayasukuma na nguvu yote inaishia kwenye maji, ndio maana sensa hizi za gesi hazitaki tone. Lakini ule msogeo wa kwanza kabla ya kukatika ndio wenye funzo kwa mtu anayetaka kuitumia huku kwetu. Kwenye pumzi kulikuwa na joto, kulikuwa na mvuke wa maji, kulikuwa na hewa ya ukaa. Mstari ulisogea tu. Haukusema ni kipi kati ya hivyo.

Joto peke yake ni kesi kubwa. Kuna kristali inaitwa lithiamu niobeti, inapendwa kwa sababu inageuza umeme kuwa wimbi kwa nguvu nyingi kuliko kwatzi, lakini mkato wake mmoja unaotumika sana unasogea kama sehemu 94 kwa milioni kwa kila digrii moja. Kwenye megahezi 433 hiyo ni hezi elfu arobaini. Elfu arobaini kwa digrii moja! Wakati gesi unayoitafuta inakupa labda mia mbili, labda mia tano. Wingu likipita tu juu ya Kirumba sensa yako inapiga kelele kuliko kama umemwaga kemikali yote ya kiwandani. Kwatzi ya ule mkato niliousema inavumilia zaidi, kwenye digrii 25 hivi haisogei karibu kabisa, ukienda digrii tano juu au chini unapoteza mia tatu na kitu. Ndio maana zinawekwa mbili mbili, moja imepakwa utando iko wazi, nyingine imefungwa haionani na hewa, unatoa frikwensi ya moja kwa nyingine na joto la kristali linafutika. Ila joto la utando halifutiki, utando ukipata moto unaachia gesi na ukipoa unameza zaidi, kwa hiyo amonia ileile inakupa namba moja alfajiri na nyingine saa nane mchana. Na mvuke wa maji pia haufutiki, maana polima nyingi zinaumeza, na hapa ziwani asubuhi hewa imejaa maji.

Ndio maana siamini sensa iliyofundishwa kwenye chumba cha digrii 20 chenye hewa kavu kule Ulaya alafu ikaletwa hapa ikawekwa ukutani. Itasoma namba, lakini itakuwa inasoma ziwa.

Wapi ingetusaidia? Mimi naanzia Mwaloni, soko letu la samaki. Samaki akianza kuharibika bakteria wanavunja protini na hewani vinatoka amonia na ndugu zake wanaoitwa amini, baadaye na gesi za salfa zile zinazonuka yai bovu. Siku moja nilimkuta mama mmoja mnunuzi wa sangara, nimemsalimia mwangaluka kaitika huku mikono iko kazini, akafunua matamvua ya samaki, akasogeza pua, akamsukuma pembeni. Nikamuuliza mama huyu ana nini, mbona namwona mzima. "Mwanangu, huyu kalala bila barafu," akaniambia, "macho yanadanganya, hapa hapadanganyi." Akaendelea na mwingine. Hakutaja kemikali hata moja. Alipata mchanganyiko wa harufu kadhaa kwa wakati mmoja, akaulinganisha na miaka yake yote pale sokoni.

Mashine nayo imebidi ifuate njia hiyo. Mwaka 1982 Persaud na Dodd wa chuo cha Warwick Uingereza walionyesha kwamba huhitaji sensa moja inayoijua gesi moja tu, unaweza kuweka sensa kadhaa ambazo kila moja ina upendeleo wake usio mkali sana, alafu ukasoma majibu yao kwa pamoja, huyu kapanda, huyu kashuka, huyu hajali, na picha hiyo nzima ndiyo inayokutambulisha harufu. Kwa hizi kristali ni rahisi, unaweka nne au sita au nane zilizopakwa polima tofauti. Kule Karlsruhe, Ujerumani, watafiti walifanya hivyo kwa kutumia rezoneta za kawaida za megahezi 433, zile zile za jamii ya rimoti. Hii ilinifurahisha sana, maana ina maana kifaa cha gharama hakiko kwenye kristali. Kristali tunazo kwenye makopo ya vyuma chakavu. Kazi ni kupaka, na kufundisha, na kufundisha kwenyewe kufanyike Mwaloni kwenye dagaa na moshi na jasho, na huyo mama akae kwenye meza ya wanaofundisha, alipwe kama mtaalamu.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, vyoo na chemba. Kwenye milima yetu, Igogo, Mabatini, huko kote nyumba zimepandiana juu ya mawe na gari la maji taka halifiki, vijana wanaingia shimoni kwa mikono yao. Mle ndani kunakaa haidrojeni salfaidi, nzito kidogo kuliko hewa, inalala chini. Kwa kiwango kidogo inanuka sana na unakimbia. Ikifika kama sehemu mia moja kwa milioni inaua uwezo wa pua kunusa, harufu inapotea, mtu anadhani hali imekuwa nzuri kumbe ndio imekuwa mbaya, na ikipanda mamia kadhaa anaanguka. Wa pili anaingia kumwokoa, naye anaanguka. Pua ya binadamu hapo haina msaada, hata ya yule mama, na mtu anayemwambia kijana "nusa kwanza kabla hujaingia" anampa ushauri wa kumuua.

Kwa gesi hiyo utando wa tungsteni oksaidi umeshatumika kwenye kristali hizi, na hapo inachopimwa sio uzito hasa, gesi inabadilisha jinsi utando unavyopitisha umeme na wimbi, ambalo lina umeme wake unaosafiri nalo, linahisi hayo mabadiliko. Shida ni kwamba utando huo unataka kupashwa moto, kwa hiyo betri inaliwa. Lakini kuna kitu kizuri upande mwingine. Kumbuka wimbi hili ni taratibu mara laki moja kuliko redio. Unaweza kuifungia kristali antena tu, bila betri, bila saketi, ukaitupia mlio mfupi wa redio kutoka juu. Mlio unageuka wimbi, wimbi linakwenda sentimita moja, linagonga mistari ya alumini, linarudi, linageuka redio tena na kutoka. Hiyo safari inachukua mikrosekunde 6 hivi, na ndani ya muda huo redio ya kawaida imeshatembea karibu kilomita mbili, kwa hiyo mwangwi wote wa kuta na mawe umeshapotea, unabaki umesikiliza kristali yako peke yake. Kitu kinachokaa ndani ya chemba bila betri, kinasomwa kutoka juu kabla mtu hajaweka mguu. Utando unaofanya kazi bila kupashwa moto kwa gesi hiyo, na unaovumilia unyevu wa mle ndani, ndio wa kutafuta.

Na niseme wazi kisichowezekana ili mtu asije akajenga tumaini pasipo. Gesi ya jiko la mkaa, kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua watu usingizini, polima hizi hazifai kuipima. Ni nyepesi, haitaki kumezwa na polima kwenye joto la kawaida. Kwa gesi hiyo kuna sensa za kemikali za umeme zinazofanya kazi nzuri na zinauzwa, nunua hizo, na usilale na jiko ndani. Gesi ya mtungi vilevile, polima zinaimeza kidogo mno, ving'ora vingi vya jikoni vinatumia oksaidi ya bati inayopashwa moto, teknolojia ya Taguchi wa Japani ya miaka ya 1960, na bado inafaa.

Mimi nimebaki na amonia. Polima yenye asidi, kristali mbili, moja wazi moja imefungwa, na kipima joto pembeni ili namba ya saa nane irekebishwe. Kuhesabu frikwensi naweza, kutengeneza saketi naweza. Kupaka utando wa chini ya mikromita moja ukawa sawa pande zote siwezi kwa mkono, inatakiwa mashine ya kuzungusha au ya kunyunyiza, na mtu anayejua polima. Kama unasoma au kufundisha kemia popote kanda ya ziwa na mashine hiyo mnayo, niandikie hapo chini. Rezoneta ninalo kopo zima, na tupa ipo.